“Ilijifyatua yenyewe”: udhuru ambao Bukavu isiukubali tena

MUHUMBA, Bukavu – Kuna maneno mawili ambayo mjini Bukavu yameshafunga kesi nyingi kabla hazijafika kwa hakimu: “Ilijifyatua yenyewe.” Mtu ameanguka mbele ya geti, au kwenye nganda, au ndani ya gari ambamo askari alikuwa ameketi nyuma na bastola kiunoni. Watu wanakusanyika. Mkubwa wa askari anafika, anaangalia, anasema risasi ilitoka kwa bahati mbaya. Bastola inarudi kiunoni, au inabadilishwa mkono. Familia inatafuta mbao za sanduku.

Maneno hayo yana nguvu kwa sababu mara nyingine ni ya kweli. Bastola inaweza kufyatua bila aliyeishika kukusudia, na nyingine inaweza kufyatua bila kidole kugusa kifyatulio. Lakini jambo kuwa la kweli halilifanyi kuwa udhuru. Kama bastola imejifyatua, basi kuna kipande ndani yake kilichochakaa, kilichovunjika au kilichochezewa na mkono wa mtu. Kipande hicho kina jina, kinaweza kutolewa, kinaweza kuwekwa juu ya meza na kuonekana kwa macho. Na kuna mtu aliyekuwa na wajibu wa kukiangalia kabla hakijaua.

Muhumba ni mahali pazuri pa kulisema jambo hili. Ni mtaa wa komini ya Ibanda ulio karibu na ziwa, wenye mageti marefu, ofisi, nyumba za mashirika na makao ya wakubwa. Penye wakubwa pana walinzi, na penye walinzi wa wakubwa pana bastola. Bunduki ndefu inaonekana kwa mbali na mtu anaweza kuvuka barabara. Bastola imefichwa chini ya koti, na anayepita karibu yake hajui.

Mchezo unaozihesabu risasi

Duniani wako watu wanaofyatua bastola kuliko askari wengi, tena kwa mchezo. Ni washindani wa kulenga shabaha. Shirikisho la IPSC lilianzishwa mwaka 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani. IDPA likafuata mwaka 1996. Afrika ya Mashariki mchezo huu si mgeni: uwanja wa Kirigiti, huko Kiambu karibu na Nairobi, umepokea mashindano ya IDPA ya bara zima la Afrika. Mshindani anakwenda kutoka kituo kimoja hadi kingine, anapiga vibao vya karatasi na vya chuma huku saa ikimhesabia. Nyuma yake anasimama msimamizi ambaye haondoi macho kwenye mkono wake na silaha yake.

Mshindani wa bidii anaweza kupiga risasi elfu kumi au zaidi kwa mwaka mmoja, mazoezi yakihesabiwa. Ni idadi ambayo askari wa kawaida mwenye bastola anaweza kumaliza kazi yake yote bila kuifikia. Kwa hiyo yeye ndiye wa kuulizwa kama chuma kinachoka, na jibu lake liko ndani ya mfuko wake. Humo mna springi za akiba, misumari ya kugonga risasi, ndoano za kuvutia maganda, vipini vidogo vidogo, na kwa wenye uwezo mna bastola ya pili inayofanana na ya kwanza kila kitu. Wengi wana pia daftari: tarehe, risasi zilizopigwa, kipande kilichobadilishwa.

Hawafanyi hivyo kwa sababu ni matajiri wanaopenda kununua vitu. Wanafanya hivyo kwa sababu wameona vipande vikivunjika.

Kinachochakaa na kinachovunjika

Risasi ya kawaida ya milimita 9 inaruhusiwa kufikia mgandamizo wa baa 2,350 ndani ya bastola. Tairi la teksi linalopanda kwenda Essence lina baa mbili na kitu. Ni karibu mara elfu moja, kila mara kifyatulio kinapovutwa. Kwa nguvu hiyo slaidi, kile kipande kizito cha juu, inatupwa nyuma, ganda linaruka nje, kisha springi inairudisha mbele ikiwa na risasi mpya. Yote hayo yanakwisha kabla jicho halijapepesa.

Springi hiyo ndiyo inayochoka kwanza. Washindani wengi wanaibadilisha kila baada ya risasi 3,000 hadi 5,000 hivi, na kwenye bastola za aina ya zamani ya 1911 mapema zaidi. Ikilegea, slaidi inagonga fremu kwa nguvu zaidi kila risasi. Nyufa ndogo zinaanza mahali ambapo hakuna anayetazama. Springi ni kitu cha bei ndogo. Fremu iliyopasuka ni bastola iliyokwisha.

Ndoano ya kuvutia ganda ni kijipande cha chuma chenye ukucha mwembamba. Ukucha ukikatika, ganda linabaki ndani na risasi ya pili inalisukuma kwa nyuma. Uwanjani mshindani anapoteza sekunde zake na nafasi yake. Barabarani askari mwenye hofu anaanza kuipiga bastola kwa kiganja, anaigeuza, anaichungulia, na mdomo wake unawapitia wote waliosimama karibu.

Msumari wa kugonga risasi nao una njia mbili za kuharibika. Ncha ikikatika, bastola inakuwa bubu. Lakini msumari ukikwama mbele, kwa uchafu, kwa kutu au kwa springi yake kuvunjika, slaidi inapofunga inaweza kuigonga risasi yenyewe. Mtu amepakia tu. Kidole chake kiko nje. Na risasi imetoka.

Halafu kuna kishikilia nyundo, kipande ambacho wengi hawajui hata kama kipo. Ni ukingo mwembamba wa chuma unaoizuia nyundo isianguke mpaka kifyatulio kivutwe. Ukingo huo ukiliwa, au ukipigwa tupa na fundi aliyetaka kifyatulio kiwe chepesi, nyundo inaweza kuanguka kwa mtikiso tu, au bastola inaweza kutoa risasi mbili mahali pa moja. Ndiyo maana mchezo unapima uzito wa kifyatulio. Kwenye mashindano ya bastola ya mita 25 yanayoongozwa na shirikisho la ISSF, lile la Olimpiki, kifyatulio hakiruhusiwi kukubali chini ya gramu 1,000. Kwenye daraja la Production la IPSC pia kuna uzito wa chini ambao kifyatulio lazima kiudai. Bastola isiyofikia kipimo haishindani.

Tena hata bastola zenye sifa nzuri zina kipande chake kinachojulikana. Wapenzi wa CZ 75, bastola ya Kicheki inayopendwa sana kwenye mchezo huu, wanajua kwamba kipini cha kuzuia slaidi na springi ndogo ya kurudisha kifyatulio huvunjika, kwa hiyo wanatembea navyo vya akiba. Wenye Beretta 92 wanakijua kipande chao cha kufungia mtutu. Magazini, ile ambayo askari wa Kongo wanaiita sharjeri, ina springi inayolegea na midomo inayopinda. Hakuna bastola isiyo na ugonjwa wake. Kuna bastola ambazo mwenyewe anaujua ugonjwa, na bastola ambazo mwenyewe hajui.

Hata viwanda vikubwa vimeaibika

Anayesema mambo haya ni ya bastola za zamani tu akumbuke jeshi la Marekani. Miaka ya 1980 lilichagua Beretta 92 na kuiita M9. Muda si mrefu slaidi za baadhi ya bastola hizo zikakatika zikiwa mikononi mwa askari, nusu ya nyuma ikaruka kuelekea uso wa mpigaji. Kiwanda kikalazimika kuongeza kipini kikubwa cha kuizuia slaidi isitoke, na bastola ikapewa jina la 92FS. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya SIG Sauer: bastola yake ya P320 ilionekana kuweza kufyatua ikianguka chini kwa pembe fulani, na kiwanda kikatangaza kuzibadilishia wateja vipande bila malipo.

Kiini cha visa hivyo viwili ni kwamba kuna mtu aliyeandika. Risasi ziliripotiwa, vipande vilivyovunjika vilihifadhiwa, vikapelekwa kwa mafundi, sababu ikatafutwa. Kama askari wa kwanza angeambiwa tu “bahati mbaya” na bastola ikarudishwa kiunoni, hakuna kipini ambacho kingeongezwa.

Kanuni ambayo Bukavu inaihitaji

Sasa fika kwenye jambo lenyewe. Katika mchezo, anayefyatua risasi pasipotakiwa anatolewa mashindanoni siku hiyo hiyo, hata kama hakuna aliyeguswa. Anayeangusha bastola wakati wa zamu yake anatolewa. Hakuna kujitetea kwa cheo wala kwa jina la baba.

Lakini je, kama kweli ilijifyatua yenyewe? Kanuni za USPSA, tawi la IPSC nchini Marekani, zimelifikiria swali hilo. Mshindani anayedai kwamba kipande kimevunjika anatakiwa kuikabidhi bastola papo hapo, kabla hajaondoka kwenye kituo, ili msimamizi mkuu aikague na kuijaribu. Akiondoka nayo, hana tena haki ya kudai. Na ikithibitika kwamba kweli kipande kimevunjika, hafukuzwi, lakini alama zake za kituo hicho zote ni sifuri.

Wasomaji waisome tena kanuni hiyo, kwa sababu ina haki zaidi kuliko mengi yanayofanyika kwenye barabara za Kivu Kusini. Kwanza, “ilijifyatua” ni dai, na dai linachunguzwa. Pili, linachunguzwa hapo hapo, na mtu asiye mwenye silaha. Tatu, hata likiwa la kweli, mwenye silaha hatoki bure. Na hayo ni kwa ajili ya karatasi iliyotobolewa vibaya! Mtu wa Kadutu, wa Bagira au wa Panzi anapewa heshima ndogo kuliko karatasi.

Silaha zisizo na historia

Bukavu ina sababu yake ya pekee ya kuogopa. Mji huu umeshikwa kwa nguvu mara nyingi mno. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliukalia kuanzia Agosti hadi Novemba. Oktoba 1996 uliangukia mikononi mwa AFDL. Agosti 1998 ukaingia kwenye vita ya RCD. Juni 2004 Mutebutsi na Nkunda wakauchukua. Katikati ya Februari 2025 jeshi la serikali likaondoka na AFC/M23 ikaingia, na katika siku zile za fujo silaha zilizotupwa ziliokotwa na raia, watoto wakiwemo.

Kila mara silaha zimebaki nyuma, zimefichwa, zimeuzwa, zimebadilishwa. Nyingi ni bunduki ndefu, lakini wakubwa wanaokimbia huacha bastola. Na bastola iliyopita mikono mitano haiji na daftari lake. Aliyenayo leo hajui kama imepiga risasi mia mbili au elfu ishirini, kama ililala kwenye udongo wenye maji misimu mitatu ya mvua, kama kuna aliyeipiga tupa ndani.

Chukua mfano wa Browning GP 35, iliyotengenezwa na kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji, kuanzia mwaka 1935. Ni silaha nzuri iliyoheshimiwa duniani kote. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kilibadilisha umbo la ndoano yake, kwa hiyo ndoano ya zile za mwanzo na ya zile za baadaye haziazimani. Mwenye ile ya zamani ataipata wapi? Au chukua Tokarev ya Kirusi na nakala yake ya Kichina: ile ya asili haina kitufe cha usalama, ina kijino kimoja tu cha kuizuia nyundo nusu njia. Kijino hicho kikiliwa, bastola yenye risasi chemba ikianguka kwenye sementi inaweza kuua. Chuma cha mwaka 1950 kinaweza kuwa bado kizuri. Kinaweza pia kuwa kimekwisha. Bila kukikagua hakuna anayejua, na kutojua huko kunabebwa kiunoni katikati ya soko la Nyawera.

Wanaosema wakati haujafika

Wapo watakaocheka. Watasema mji uko vitani, watu wanauawa kwa makusudi, na huyu anazungumza springi. Jibu ni kwamba anayekufa kwa risasi ya bahati mbaya hafi kidogo. Mjane wake hapati nusu ya huzuni. Tena vita ndiyo inayoleta silaha zilizochakaa mikononi mwa watu wasiofundishwa. Kusubiri vita iishe ndipo zikaguliwe ni kusubiri mvua iishe ndipo uezeke nyumba.

Wapo watakaosema hakuna pesa. Daftari la shule na kalamu linauzwa kila kona ya Bukavu. Kuifungua bastola, kuisafisha na kutazama kama ukucha umekatika kunahitaji kitambaa, mafuta kidogo na nusu saa. Sanduku la mchanga kando ya geti, ambalo askari anaelekezea mdomo wa bastola wakati wa kupakia na kupakua, halihitaji msaada wa shirika lolote. Kinachokosekana ni mtu wa kuamuru na mtu wa kuulizwa.

Na wapo watakaosema sheria haipo. Ipo. Kongo ina sheria yake ya silaha na risasi tangu Septemba 1985. Aprili 21, 2004, Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, inayodai silaha zitiwe alama, ziandikwe, zihifadhiwe vizuri, na zisizohitajika ziharibiwe. Wiki sita baadaye, Juni 2, Bukavu ikaanguka. Karatasi ilibaki Nairobi na risasi zikabaki hapa.

Kinachodaiwa

Wakaaji wa Muhumba na wa mji mzima wana haki ya kudai mambo manne, na kuyadai kwa yeyote anayeamuru watu wenye bastola, awe amevaa sare gani.

La kwanza: kila bastola inayobebwa iwe na namba yake na daftari lake. Nani aliibeba, ilipiga risasi ngapi, ilikaguliwa lini, kipande gani kilibadilishwa. Bastola isiyo na daftari isitoke nje ya ghala.

La pili: kila mara mtu anaposema “ilijifyatua”, silaha ichukuliwe saa ile ile, mbele ya mashahidi, bila kufunguliwa wala kusafishwa. Ikaguliwe na mtu asiye wa kikosi hicho. Majibu yasomwe mbele ya familia ya aliyeumia. Kipande kikikutwa kizima, neno “bahati mbaya” lifutwe na aliyefyatua ajibu. Kipande kikikutwa kimevunjika, ajibu aliyempa mwenzake silaha mbovu.

La tatu: silaha zilizochoka ziharibiwe hadharani, zikatwe watu wakiona. Isiwe kupelekwa ghala jingine ambako zitatoka usiku.

La nne: ukome ufundi wa kuchonga. Springi iliyokatwa kutoka kwenye kitu kingine, msumari uliochongwa kwa tupa, kishikilia nyundo kilicholainishwa ili kifyatulio kiwe chepesi: mshindani akijitokeza uwanjani na kitu kama hicho na kikashindwa, anaondolewa. Hapa anayefanya hivyo anasifiwa kuwa fundi.

Wakaaji nao wana kazi yao. Sentineli anayeletewa bastola na bosi wake bila mafunzo aikatae. Mzazi aliyeokota au ambaye mtoto wake aliokota silaha mwaka ule wa 2025 asiifiche chini ya kitanda akidhani imelala; asiiguse wala asijaribu kuifungua, atafute njia salama ya kuiondoa nyumbani kupitia watu wa kanisa, wa msikiti au wa mashirika ya raia. Kutoa magazini peke yake hakuiondolei bastola risasi: ile iliyo chemba bado iko, na ndiyo inayoua watoto.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bastola ni mdogo kuliko unywele, uko chini ya slaidi, na hauonekani mpaka atokee mtu wa kuifungua na kutazama. Siku nyingine mkubwa akisimama mbele ya maiti na kusema ilijifyatua yenyewe, watu waliosimama pale wamuulize swali moja kabla hawajatawanyika: iko wapi hiyo bastola, na nani ataifungua?